Lugha ya Ghala Isiwe Kitendawili kwa Mtunza Ghala

Kwa muda wa miaka michache sasa, wenye maduka ya jumla mjini Kisumu wamekuwa wakiyaweka kando madaftari yao na kuzikabidhi kompyuta hesabu za maghala. Sababu ni nyingi, na mojawapo kubwa ni kodi. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyothibitishwa kwa ankara ya mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru haikubaliwi katika kukadiria kodi ya mapato, isipokuwa zile chache zilizosamehewa. Kwa hivyo mwenye duka kule Ahero au Bondo humtaka muuzaji wa jumla ampe ankara hiyo, naye muuzaji huyo, akishaanza kutoa ankara kwa mashine, haoni sababu ya kuendelea kuhesabu magunia kwa kalamu.

Mimi sina ugomvi na mabadiliko hayo. Ghala linaloendeshwa kwa programu nzuri hujua mzigo uliingia lini, umewekwa rafu gani, na utaharibika lini, ili bidhaa inayokaribia kuisha muda wake itangulie kutoka. Lori haliondoki Kisumu likielekea Usenge likiwa nusu tupu kwa sababu karani alisahau agizo moja. Haya ni manufaa ya kweli, na anayeyakejeli hajawahi kuhesabu katoni za sabuni usiku wa mwisho wa mwezi.

Swali langu ni la mwanaisimu: mashine hiyo inazungumza na nani?

Tukumbuke kwamba swali hili si geni katika mji huu. Reli ilipofika ufuoni mwa ziwa mwaka 1901, na mahali hapo pakaitwa Port Florence, bidhaa zilianza kupakuliwa kutoka mabehewani na kuingizwa katika meli za kwenda Uganda. Wafanyabiashara wa Kihindi, akiwemo Allidina Visram aliyekuwa na mtandao wa maduka kutoka pwani hadi Uganda, walijenga biashara ya jumla tunayoijua leo. Madaftari ya wafanyabiashara wengi wa jamii hiyo yaliandikwa kwa Kigujarati. Mchukuzi wa Kiluo aliyeubeba mzigo mgongoni hakuwa na njia ya kusoma kilichoandikwa juu ya mzigo huo. Mwenye daftari ndiye aliyekuwa na ukweli. Leo daftari limekuwa kioo chenye mwanga, na lugha yake, mara nyingi, ni Kiingereza cha wahasibu.

Hata hivyo, biashara hiyo hiyo ilitupa msamiati mkubwa ajabu. Tuna ghala kutoka Kiarabu. Tuna godauni, neno lililopitia bandari za Bara Hindi. Tuna stoo kutoka Kiingereza. Na Mluo ana dero lake la nafaka. Vipimo navyo vilikuja na wenyewe: debe, gunia, dazani, jora la kitambaa, korja ya vitu 20, na frasila ya watu wa pwani iliyokuwa takriban kilo 16. Katika masoko yetu, tangu Kibuye hadi Dunga, gorogoro ndiyo hakimu.

Hapa ndipo programu nyingi hukwama. Mashine hutaka kila bidhaa iwe na kipimo kimoja cha msingi, na vipimo vingine vyote viwe zao la kipimo hicho. Kwa unga wa mahindi hakuna taabu: beli moja ni pakiti 12 za kilo 2, yaani kilo 24, na mambo yamekwisha. Lakini gorogoro ni kipimo cha ujazo. Gorogoro ya mahindi huwa na takriban kilo 2. Gorogoro ya omena waliokauka ni nyepesi zaidi, na uzito wake hubadilika kwa jinsi samaki walivyoanikwa. Anayemlazimisha mtunza ghala aandike omena kwa kilo, bila kumpa mizani, anamfundisha kubuni tarakimu. Na beli yenyewe, iliyo rahisi hivyo, huleta msiba pale karani anapopokea beli 50 na kuandika 50 mahali palipokusudiwa pakiti. Kompyuta haitabisha. Itasadiki kwamba zimeingia pakiti 50 badala ya 600, na tangu saa hiyo kila ripoti itakuwa uongo uliopangwa vizuri.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa ni karani katika ghala moja mjini humu, alinieleza ubishi unaozuka huko karibu kila wiki. Ofisi hupiga simu na kuuliza: "Sukari iko ngapi?" Mtunza ghala huhesabu na kujibu kwamba magunia ni 100. Ofisi husema mashine inaonyesha 70. Mtu hushukiwa. Kumbe wote wawili wanasema kweli: magunia 30 yamo ghalani lakini yamekwisha kuahidiwa mteja, na mashine imeyatoa katika hesabu ya yanayoweza kuuzwa. Kiingereza cha kwenye kioo kina maneno matatu tofauti kwa hali hizo tatu. Kiswahili chetu cha huku kina "iko" tu.

Lakini je, ni kweli kwamba Kiswahili hakina? Mwalimu yeyote wa sarufi anajua kuwa tuna po, ko na mo. Magunia yamo, yaani yamo ndani ya kuta hizi. Yaliyoahidiwa tungeweza kuyaita yaliyowekewa mteja. Yaliyobaki ni yaliyo huru. Hakuna hata neno moja hapo linalohitaji kamati ya istilahi, wala kuundwa upya kutoka mizizi ya Kiarabu. Linalohitajika ni mtu wa kuyaandika mahali pake.

Yamkini wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa wasomi. Ninawaomba wasome Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 9 kinamtaka mwajiri, pale mfanyakazi asipoielewa lugha iliyoandikiwa mkataba, amfafanulie mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 19 nacho kinaruhusu mshahara ukatwe kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyopotea au kuharibiwa kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Ziweke sheria hizo mbili pamoja. Mkataba anaotia sahihi mara moja lazima aelezwe. Lakini mashine inayomhesabia kila siku, na ambayo tarakimu zake ndizo zitakazotolewa kuwa ushahidi akishtakiwa kupoteza magunia 30, haijatajwa. Itakuwaje kosa la makusudi, ilhali mtu hakulielewa neno alilobonyeza?

Pingamizi nyingine ni nzito zaidi, nayo siwezi kuipuuza. Kisumu si Lamu. Wengi wa wachukuzi na makarani wa maghala yetu husema Kiluo nyumbani, na Kiswahili nacho walijifunza. Kweli. Lakini ghala la Kisumu hupokea dereva kutoka Mombasa, fundi kutoka Kakamega na mnunuzi kutoka Busia, na lugha wanayokutania ni Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Wala hoja kwamba kompyuta haikijui Kiswahili haina miguu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, huweza kutumiwa kwa Kiswahili, na mama muuza omena huelewa barabara ujumbe wake wa fedha.

Wala nisieleweke kwamba programu, hata ikiongea Kiswahili cha Mvita, itaokoa kila biashara. Nakumatt, iliyokuwa na tawi papa hapa Kisumu, haikukosa kompyuta. Ilishindwa na madeni ya wauzaji walioiletea bidhaa, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Copia, iliyowafikishia bidhaa watu wa vijijini kupitia mawakala na teknolojia yake, iliingia mikononi mwa wasimamizi Mei 2024. Mashine huhesabu mali, hailipi madeni.

Kwa walimu wa Kiswahili na wanafunzi wao nina pendekezo dogo. Wanafunzi wetu huenda mafunzo ya nyanjani kila mwaka. Badala ya wote kurundikwa katika ofisi za magazeti na mashule, wachache wapelekwe maghalani, wakae na makarani na wachukuzi kwa majuma kadhaa, waandike maneno yanayotumika hasa: mzigo unapokewa kwa neno gani, unapangwa kwa neno gani, upungufu unaitwaje, kilichooza kinaitwaje. Orodha ya maneno 200 ingetosha kuanzia. Kisha ipelekwe kwa vijana wanaotunga programu hizo, ambao baadhi yao wamo katika vyuo hivi hivi vyetu, jengo la pili tu kutoka idara ya lugha.