Daktari Aelezwe Mwaka Mzima

Mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe hahitaji kufundishwa kwamba maji hujaa na kupwa, na kwamba bahari ni ile ile. Ajabu ni kwamba mtu akichangamka kupita kiasi, asilale siku tano na agawe mali yake ovyo, kisha mwezi ufuatao ajifungie chumbani akitamani kufa, twampa jina moja tu: mwendawazimu. Wengine husema ana pepo. Kazi yangu ni isimu, si udaktari. Hata hivyo nadai kwamba uhaba huu wa maneno humdhuru mgonjwa hata akiisha kufikishwa hospitalini.

Maradhi hayo huitwa baipola. Yakimrudia mtu mara nne au zaidi katika miezi 12, huhesabiwa kuwa ya mzunguko wa haraka, istilahi iliyotumiwa na Dunner na Fieve mwaka 1974 walipoona kwamba wagonjwa wa namna hiyo hawakusaidika vyema na lithiamu.

Sasa chukua jamaa wanaompeleka mgonjwa wao kitengo cha akili cha Port Reitz, kule Changamwe, wakati maji yamekupwa. Wakiulizwa hujibu: "Ana huzuni, hali chakula wala hasemi." Kila neno ni kweli, ila habari imekatwa nusu. Daktari asiyedokezewa ile miezi ya mchangamko aweza kuandika dawa za sonona peke yake, nazo kwa mgonjwa huyu huenda zikamrusha juu au zikauharakisha mzunguko. Anachohitaji ni dawa za kuzuia pande zote mbili: lithiamu, ambayo hudai damu ipimwe mara kwa mara, kwa kuwa kiasi kinachotibu hakiko mbali na kile kinachodhuru, au valproeti, isiyomfaa mwanamke anayeweza kushika mimba kwani huathiri mtoto tumboni, aghalabu dawa mbili kwa pamoja. Tezi ya shingoni nayo yafaa ipimwe, maana ulegevu wake huandamana na mzunguko huu.

Kisha lipo neno "kupona". Mgonjwa akitulia wiki sita, nyumbani husemwa amepona, na vidonge vikatupwa. Kiswahili kina kutulia na kina kupona, wala si mamoja. Lithiamu ikikatizwa ghafla, wimbi jipya haliko mbali.

Walimu nawaomba jambo moja. Mwanafunzi aliyejaza madaftari matatu usiku mmoja mwezi Februari, na yule asiyeinua kichwa dawatini mwezi Aprili, huenda ni mmoja. Tarehe mnazo katika rejista. Ziandikeni kwenye karatasi, mumpe mzazi aende nazo Port Reitz.