Majira ya Mwaka na Kalamu ya Mwandishi

Wasomaji wetu wapendao kutunga wana neno moja walipendalo mno, nalo ni kwamba kalamu ina majira yake kama jembe lilivyo na majira yake. Mmoja husema hawezi kutunga shairi mpaka mvua ilie juu ya mabati. Mwingine husema jua la Februari humkausha kichwa kama likaushavyo majani. Neno hili si la kuchekwa, maana kwa ajili yake watu wengi wenye vipawa huishi mwaka baada ya mwaka bila kumaliza hata hadithi moja. Basi juma hili na tulitazame jambo hili kwa makini. Na kwa kuwa mwandishi wa safu hii akaa Eastleigh, mifano mingi itatoka katika mtaa huu wa Nairobi.

Yafaa kwanza tujue majira yetu ni yapi. Nairobi iko kusini ya Ikweta kwa kadiri ya digrii moja tu, na juu ya bahari kwa mita 1,660 hivi. Kwa sababu hiyo urefu wa mchana haubadiliki ila kwa dakika chache mwaka mzima. Mji wa London hauko hivyo: mchana wa Juni hupita saa 16, na wa Desemba hupungua hata kufika saa 8 hivi. Mtunzi wa kule akilalamika juu ya giza na barafu, alalamikia alichokiona kwa macho yake. Lakini mtoto wa Eastleigh aandikapo insha ya shule juu ya maua yachipukayo theluji iyeyukapo, aandika majira ya kitabu, wala hajapata kuyaona.

Majira yetu sisi hutengwa na mvua. Mvua kubwa huanza Machi na kuisha Mei, na Aprili ndio mwezi wenye maji mengi kupita yote. Kutoka Juni hata Agosti ni baridi na mawingu. Mvua ndogo huja Oktoba mpaka Desemba, kisha jua huwaka Januari na Februari. Na kila kabila limeyapa majira haya majina kwa kadiri ya kazi yake. Wakikuyu, walio wakulima, waliita mvua kubwa kwa jina la njahi, na mvua ndogo kwa jina la mwere, yaani mawele, kwa kuwa ndiyo mazao yaliyopandwa wakati huo. Watu wa pwani, walio mabaharia, walihesabu mwaka kwa pepo za kaskazi na kusi, maana kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Wasomali, walio wafugaji, huita mvua kubwa gu, na ukame mkali wa mwanzo wa mwaka huuita jilaal. Wakati wa gu maziwa ni mengi, watu hukusanyika, na mashairi husikika. Wakati wa jilaal jamaa hutawanyika mbali kutafuta maji, na mashairi yake ni ya huzuni na dua. Majina yote hayo husikika leo katika njia za Eastleigh, maana watu wa kila upande wamekuja kukaa hapa.

Sasa, je, ni kweli kwamba majira huamuru akili? Swali hili ni la zamani. Mshairi mkubwa wa Kiingereza, John Milton, aliyetoa utenzi wake wa Paradise Lost mwaka 1667, alisimuliwa na mpwa wake kuwa mashairi hayakumjia vizuri ila katika nusu ya mwaka iliyo ya baridi. Baadaye Samuel Johnson alilidharau jambo hilo, akashika kwamba mtu aweza kuandika wakati wowote akijilazimisha kwa ukaidi. Wala Johnson hakusema maneno matupu: kutoka Machi 1750 mpaka Machi 1752 aliandika makala za The Rambler mara mbili kila juma, Jumanne na Jumamosi, katika majira yote, akiwa mara nyingi mgonjwa na mwenye kuhitaji fedha.

Kwa maoni yangu kila mmoja wao alishika upande mmoja wa jambo. Majira hayawezi kumpa mtu akili wala kumnyang'anya. Walakini yana nguvu juu ya vitu vitatu ambavyo mwandishi hana budi kuvitumia, navyo ni mwili wake, nafasi yake, na habari zake.

Habari ya mwili ni fupi. Baridi ya Julai hutuliza mtaa. Watu huingia ndani mapema, na mtu aweza kukaa na daftari lake bila kuitwa barazani. Mvua ya Aprili yaweza kuwa rafiki, lakini chini ya mabati huvuma hata usisikie jambo unalofikiri, na mara nyingine stima hukatika. Yafaa kuwa na taa ya akiba. Na kwa wale wapendao kuandika usiku wa baridi, nawasihi wasiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Moshi wa makaa usioonekana huua watu usingizini, na hakuna shairi lenye thamani ya roho ya mtu.

Habari ya nafasi ina uzito zaidi. Mkulima hawezi kuandika mvua inapoanza, kwa kuwa siku moja ya kuchelewa kupanda yaweza kumpunguzia mavuno. Nafasi yake huja mavuno yakisha ingia ghalani. Wazee wetu walilijua jambo hili. Hadithi zilisimuliwa jioni, kazi zikiisha, na katika makabila mengi ilikuwa mwiko kuzisimulia mchana. Karani naye ana majira yake yasiyofuata mawingu. Mwaka wa fedha wa Serikali huisha tarehe 30 Juni. Basi baridi ile iliyo njema kwa fikira humkuta amezama katika hesabu. Kwa hiyo mkulima au karani asemaye, "Nitaandika majira yangu yakifika," na afanye hesabu kwanza. Huenda akagundua kwamba majira yale ayangojeayo na nafasi aliyo nayo havikutani hata mwezi mmoja katika mwaka.

Lakini jambo lililo kubwa kuliko yote ni habari zenyewe, na hapa ndipo Eastleigh itufundishapo. Wengi husema kwamba mjini hakuna majira, kuna vumbi na matope tu. Matope tunayo, sikatai. Udongo wa upande huu wa Nairobi ni mweusi na wenye kunata, na First Avenue ilijulikana kwa madimbwi yake kabla ya kutengenezwa upya. Walakini atazamaye sokoni ataona majira yote ya Kenya yakipita mbele yake. Maziwa ya ngamia huletwa kila siku kutoka upande wa Isiolo; yakipungua na bei ikapanda, mnunuzi wa Eastleigh ajua kwamba malisho yamekauka huko, hata kama hajaona ngamia maisha yake. Miraa ya Meru hupungua na kuwa ghali wakati wa jua, ikarudi kuwa rahisi mvua inyeshapo. Maembe ya Ukambani yakijaa mikokoteni, ni mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwingine. Mkulima huyasoma majira kutoka shambani, na karani huyasoma kutoka sokoni. Ni kitabu kimoja, kila mmoja ameanzia ukurasa wake.

Na kitabu hicho kimeandikwa mambo mazito katika miaka hii. Kutoka vuli ya mwaka 2020 hata vuli ya 2022, mvua zilikosa kunyesha sawasawa majira matano yaliyofuatana katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya Kenya, na katika Somalia na Ethiopia. Katika Kenya peke yake walikufa wanyama wa kufugwa zaidi ya milioni mbili. Eastleigh haikuona mizoga, lakini ilisikia sauti: simu za jamaa wa mbali wakiomba fedha za maji, duka lililofungwa mchana kwa kuwa mwenyewe ameitwa kwao, mzee mfugaji aliyekuja kukaa kwa mwanawe akiwa hana tena cha kuchunga. Halafu, mwezi wa Aprili 2024, maji yaliyokosekana yalikuja kupita kiasi. Mto Mathare, ulio jirani yetu, ulifurika, watu wakafa, na nyumba zikachukuliwa.

Sasa nauliza: ni nani aliyeandika mambo hayo? Vyombo vya habari vilitoa hesabu, na hesabu ni kitu chema. Lakini jina alilompa mzee yule kila ngamia wake, dua iliyoombwa usiku wa nne wa mvua, neno alilosema mama alipokuta mlango wa nyumba yake umesimama peke yake bila nyumba, hayo hayamo katika hesabu. Hayo ni kazi ya mtunzi. Na mtunzi aliyekuwa akingoja hali ya hewa imkubali, hakuyaandika. Na mengine hayaandikiki tena, maana wenyewe wamekwisha kufa au kusahau.

Kwa hiyo nawapa wasomaji mashauri matatu. La kwanza, tenga kuandika na kukusanya. Kutunga shairi au hadithi kwataka utulivu, na utulivu hauji kila mwezi. Lakini kukusanya maneno hakutaki ila penseli na daftari la bei rahisi. Andika mistari mitano kila jioni: mvua imenyesha au haikunyesha, sukari na maziwa vimeuzwaje, umesikia neno gani jipya. Mkulima aweza kufanya hivyo hata wakati wa kupanda.

La pili, waulize wazee majina ya majira kwa lugha ya kwao, na sababu ya kila jina. Watoto wengi wa mtaa huu wajua neno moja tu, "mvua." Wakati mvua zisipofuata tena kalenda ya zamani, majina hayo yatakuwa ushahidi wa jinsi nchi ilivyokuwa.

La tatu, nafasi yako ijapo, iwe ya baridi au ya jua, fungua daftari ukatunge kutokana na ulichoweka. Hapo utaona ajabu: ukame utauandika vizuri wakati wa mvua, na mvua utaiandika vizuri wakati wa ukame, kwa kuwa kisichokuwapo hukumbukwa kwa uchungu zaidi.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Na mchagua mwezi, ndugu zangu, hawi mwandishi. Majira na yalete habari zake kama apendavyo Mungu. Sisi na tuwe na daftari tayari.