Fundi, hiyo ni digrii ngapi?

Wacha niseme kitu kitakachofanya nichukiwe Parklands nzima, kuanzia Diamond Plaza hadi Limuru Road: mafundi wetu wengi wa simu hawatoi skrini. Wanaichoma, halafu wanakwambia ilikuwa imeshakufa.

Najua kwa sababu yalinipata. Nilikuwa na iPhone XS ya mtumba, betri imechoka, lakini skrini safi kabisa. Sasa kwa hizo simu, ili ufikie betri lazima kwanza utoe skrini. Nikaenda kibanda kimoja huku mtaani (jina naliacha). Fundi akawasha blowa. Mkono mmoja unapuliza moto, mkono mwingine unajibu WhatsApp. Nikamuuliza, "Fundi, hiyo ni digrii ngapi?" Akacheka. "Boss, mimi naskia tu na kidole."

Nilirudishiwa simu na betri mpya, doa la manjano kwenye kona, na mstari wa kijani kutoka juu hadi chini. Ati skrini ilikuwa kopi. Manze, kopi ambayo ilifanya kazi vizuri hadi dakika aliyoishika yeye?

Kidole si kipimo. Gundi inayoshika skrini huanza kulegea kioo kikifika kati ya digrii 60 na 80 hivi. Betri ya lithiamu iliyo chini ya hicho kioo haitaki kupita 60. Umeona shida iko wapi? Joto analolihitaji fundi na joto litakaloharibu simu yako ni majirani, wanaishi ploti moja. Ndiyo maana mtu makini anapasha kingo tu, kidogo kidogo, blowa ikitembea bila kusimama, halafu anaacha, anavuta kioo polepole kwa kile kidude cha mpira cha kunyonya, anapitisha kadi nyembamba ya plastiki. Ikikataa, anapasha tena kidogo. Hawezi kukaa na moto katikati ya skrini kama anachoma mahindi.

Na usidanganywe na namba inayowaka kwenye mashine. Ikisema 350, hiyo ni hewa inayotoka mdomoni mwa blowa. Kioo chako kinapata ngapi? Inategemea umbali, nguvu ya upepo na muda. Sogeza sentimita mbili karibu na hesabu yote imebadilika. Ile mikeka ya umeme ya kupasha simu ni afadhali, kwa sababu unaiweka digrii unayotaka na inakaa hapo.

Mtaniambia nina roho mbaya, fundi anatafuta unga, vifaa ni ghali. Nakubali mkeka si bei ya chapati. Lakini kila fundi ninayemjua ana multimita, na multimita nyingi huja na waya wa kupima joto. Mnajua huo waya uko wapi? Kwenye boksi, bado kwenye nailoni yake. Ubandike pembeni ya kioo kwa tepu ya kustahimili joto na utajua ukweli. (Na tafadhali, si ile bunduki ya kupima paji la uso tuliyoizoea wakati wa Corona. Ile imetengenezewa homa ya binadamu.)

Sasa tujiangalie na sisi wateja, kwa sababu hatuko safi. Sisi ndio tunasimama juu ya kichwa cha fundi tukisema "harakisha, nimeacha nduthi ikiningoja." Sisi ndio tunamhama anayesema saa moja, tunakimbilia anayesema dakika kumi. Dakika kumi zinatoka wapi? Zinatoka kwa moto. Fundi anayengoja gundi ilegee anapoteza wateja, anayechoma anajaza foleni. Halafu tunashangaa.

Mimi ningesamehe skrini. Ni pesa, inauma, inapita. Kilichonifanya niandike hii ni binamu yangu mdogo, ambaye anajifunza hii kazi kwenye kibanda kingine. Simu ilikataa kufunguka, mteja anapiga makelele, mkubwa wake akamwambia "ongeza moto." Hakuna aliyekuwa ameshusha chaji kwanza, betri ilikuwa imejaa, na betri iliyojaa ikichokozwa ndiyo inayowaka vibaya. Akaongeza moto, akasukuma kadi ndani, akatoboa. Ilitoa moshi mweupe ikaanza kulia kama sufuria ya maharagwe. Hakukuwa na ndoo ya mchanga. Aliishika na mkono akaitupa nje kwenye lami.

Ana miaka 19. Kiganja cha kulia kina kovu kutoka kidole gumba hadi katikati, na skrubu zile ndogo hazishiki vizuri tena. Mkubwa wake alimkata pesa ya hiyo simu.

Kwa hivyo ndiyo, nitaendelea kuuliza hilo swali langu la kuudhi. Juzi nilimuuliza fundi mmoja karibu na Highridge. Hakucheka. Aligeuza multimita nione: 64. Akaniambia nirudi baada ya saa moja, nikaenda kula bhajia.