WALOKOLE WA STATUS, LIPENI MADENI KWANZA!

Jamani wadau, leo naongea bila kupepesa macho.

Kuna dada mmoja anafahamika sana hapa Dar, jina kapuni. Kila asubuhi status yake ni mstari wa Biblia, Jumapili yuko kiti cha mbele. Sasa muulize fundi aliyemshonea gauni la harusi ya mdogo wake. Huu mwezi wa tatu anapigwa kalenda: "njoo kesho", "mtandao unasumbua", mara simu haipokelewi. Fundi ni Muislamu, jirani yangu. Juzi kaniambia, "Kaka, kama wokovu ndio huu, mimi nibaki na yangu." Nikakosa jibu.

Hivi huyo fundi mtamhubiria nini? Biblia yenu hajawahi kuifungua. Anawasoma nyie: mnavyolipa, mnavyomjibu konda, mnavyoishi na dada wa kazi. Mnakesha mkiomba mataifa wamjue Mungu, kumbe mataifa wenyewe wako mlangoni wanadai hela zao!

Na msinijibu "usihukumu". Yakobo 5:4 iko wazi kwamba ujira uliozuiliwa unalia mpaka Mungu anausikia. Na Warumi 2:24 Paulo anawaambia walioijua sheria kuwa jina la Mungu linatukanwa kwa sababu yao.

Mimi mwenyewe Mkristo, kwa hiyo na mimi limenigusa. Dada, kabla ya status ya kesho, mtumie fundi hela yake. Pengine siku moja atakuuliza unasali wapi.

Wewe mdau unasemaje? Dondosha maoni yako hapo chini.