Rimu kubwa bila hesabu ni noma

Wasee, najua wengine mtanuna, lakini nitasema: wengi wetu tunanunua rimu na macho. Hata mimi nilikuwa hapo.

Nina Demio. Kibandiko cha mlangoni kinasema 185/65 R15. Nikaona hizo 15 zinaniaibisha mbele ya kamera, nikachukua seti ya 17 na tairi za 205/55. Muuzaji akaniambia, "Boss, zinaingia." Kweli ziliingia, na picha zikabamba. Wikendi nikambeba mathe na masistee wawili, tukaenda ushago. Kila tuta, tairi inakwaruza fenda. Kufika, mathe akainama, akanionyesha ukingo wa tairi umechunika vibaya. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na hii ingepasuka tukiwa njiani?" Sikuwa na jibu.

Na hesabu yenyewe si ngumu. 185 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya huo upana, kama milimita 120. 15 ni rimu kwa inchi, yaani milimita 381. Jumlisha rimu na kuta mbili, unapata kama 621. Zangu za 205/55 R17 zilifika 657, karibu asilimia 6 zaidi. Mbali na kukwaruza, spidomita ilikuwa inanidanganya: ikisoma 80, mimi niko karibu 85.

Rimu ikipanda, ukuta lazima ushuke. 205/45 R17 inafika 616, karibu sawa na ile ya kwanza. Lakini usikimbilie kulipa. Angalia namba ya uzito ubavuni: 88 hubeba kilo 560 kwa kila tairi, 84 ni kilo 500. Usishuke chini ya ile ya gari lako. Halafu uliza mpangilio wa nati na ofseti, juu ofseti mbaya hutoa tairi nje ya fenda, ama huisukuma ndani mpaka iguse saspensheni.

Na hata hesabu ikikubali, kwa barabara zetu mimi nachagua ukuta mnene. Ule mwembamba ukiingia shimo hauna mto wa kutosha: rimu inapinda ama tairi inatoa nundu.

Kuna mwenye ataniambia gari ni yake, atavalisha anachotaka. Sawa, lakini hiyo gari haikubebi wewe peke yako. Kabla hujatoa pesa, fungua mlango wa dereva usome kibandiko, kisha piga hesabu na simu yako. Dakika tano tu.

Mimi nilirudi 15. Likes zimepungua kidogo, ni sawa tu. Siku hizi mathe hupanda bila kuinama kwanza kuangalia tairi.

Wewe umevalisha yako saizi gani, na ulipiga hesabu ama uliambiwa tu "zinaingia"?