Kutoka «en l'état» mpaka Leta

Mwaka jana mjomba wangu alinunua motokari kwenye parke moja hapa Lubumbashi. Nilimsindikiza kwa sababu mbili. Yeye aliona kwamba mtoto wa chuo kikuu atasaidia kusoma karatasi. Mimi nilitaka kusikia jinsi watu wanavyozungumza wakati wa kuuza na kununua. Kazi ya kwanza ilinishinda, na nitaeleza namna gani. Ya pili ndiyo inanifanya niandike.

Kwanza niseme parke ni kitu gani kwa wale ambao bado wanatembea kwa miguu kama mimi. Motokari mpya kabisa, za dukani, zinanunuliwa na makampuni ya migodi na mashirika. Mtu wa kawaida anaenda parke, yaani uwanja wenye ukuta, mlinzi, na motokari zilizokwisha kutumika ng'ambo. Nyingi za kwetu Katanga zimetoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam, zikapita Tunduma, zikavuka Zambia yote, zikaingia kwa Kasumbalesa. Ndiyo maana volani iko kuume wakati sisi tunaendesha upande wa kuume wa barabara, na abiria wa basi dogo anashukia katikati ya barabara, kwenye hatari. Hilo watu wameshalizoea.

Kwenye mlango wa parke anakungoja komisioneri. Yeye si mwenye mali, lakini ndiye mwenye maneno. Mjomba hakuwa amefika hata kwenye motokari ya kwanza, tayari alikuwa ameitwa papa, patro, na shefu. Nilikuwa na daftari mfukoni, nikaandika sentensi tatu ambazo zilirudi kila mara, kwa kila motokari, asubuhi nzima.

«Iko muzima.» Sentensi hii ningependa ichunguzwe na wenzangu wa semantiki. Kivumishi -zima tunakitumia kwa mtu mwenye afya, kwa kitu kisichopunguka, na kwa mtu aliyekomaa. Ukikitumia kwa motokari, umesema mambo mazuri matatu na hakuna hata moja unaloweza kuulizwa baadaye. Moteri iko muzima? Bwate iko muzima? Hapana, «iko muzima», yote, kwa ujumla, kama mgeni anayejibu salamu.

«Haiyatembea mu Congo.» Hii ilikuwa kweli tupu. Plake haikuwepo, matope yetu hayakuwepo. Lakini Grice, katika ile makala yake ya 1975 tunayoisoma wote, anasema msikilizaji anategemea apewe habari inayotosha, na kutokana na tegemeo hilo anajaza mwenyewe yasiyosemwa. Ukimwambia mtu motokari haijatembea Congo, anasikia kwamba haijatembea. Miaka yake ya Japani inafutika, na Zambia yote iliyokatwa kwa magurudumu yake yenyewe inafutika pia. Muuzaji hakusema uongo. Mjomba ndiye alijidanganya, kwa msaada.

«Bei tutasikilizana.» Hapa kila mtu anamngoja mwenzake ataje namba kwanza. Nilihesabu dakika arobaini kabla ya dola kutajwa. Wenzangu wengine wanapenda kuita jambo hili utamaduni wetu wa mazungumzo. Mimi nilimwona mzee wa miaka hamsini na nane amesimama juani dakika arobaini, na makuta yake yote ya miaka sita yamefungwa kwenye bahasha ndani ya shati.

Halafu akachagua motokari ndogo ya rangi ya majivu. Alitaka kuifanyisha kazi ya taksi. Komisioneri akawasha moteri, na sauti ya mwanamke ikatoka ndani, tamu sana, ikasema sentensi moja ya Kijapani. Mjomba akashtuka. «Inakusalimia, papa,» komisioneri akasema, na sisi wote tukacheka. Baadaye nilitafuta maana yake. Sauti ile inamwambia dereva kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haijaingizwa mahali pake. Kati ya wote waliozungumza asubuhi ile, nikiwemo mimi, huyo mama peke yake alitoa habari kamili na ya kweli kuhusu kitu kinachokosekana ndani ya motokari.

Walisikilizana kwa dola 4 900. Ikaja karatasi.

Ilikuwa ukurasa mmoja wa Kifaransa, majina, namba ya shasi, bei, na chini kabisa: «véhicule vendu en l'état, sans garantie». Mjomba alisoma mpaka darasa la sita, anasoma polepole kwa kidole. Kidole kikasimama kwenye neno moja. Akauliza: «Hapa wameandika Leta?» Muuzaji akajibu bila kuinua kichwa: «Ndiyo papa, hii ni karatasi ya Leta.» Mjomba akatabasamu, akaweka sahihi.

Kila mwanafunzi wa idara yetu anajua historia ya neno Leta. Lilitoka kwa «l'État», dola ya wakoloni, likaingia Kiswahili chetu na Kilingala pia, na watu wetu hawakukosa kuona kwamba kwa Kiswahili linasikika kama amri: leta! Leta kodi, leta mtu wa kufanya kazi. Kwa hiyo mjomba aliposoma «en l'état» alifanya kile ambacho msomaji yeyote wa Kiswahili angefanya. Alisoma kwamba motokari imeuzwa mbele ya serikali, imethibitishwa. Kumbe maneno yale yanasema kinyume chake: ichukue hivi ilivyo, na usirudi.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimesimama pembeni, nimesoma mstari ule kabla yake, na sikusema kitu. Ningetaka kusema kwamba ilikuwa heshima, kwamba mtoto hamsahihishi mkubwa mbele ya watu. Ilikuwa hiyo kidogo. Zaidi ilikuwa kwamba nilichoka, bei niliiona nzuri, na mstari ule uko kwenye karatasi za namna hiyo kila mahali hata macho yameuzoea. Na yule muuzaji, mpaka leo siwezi kuapa kwamba alidanganya. Inawezekana naye anaisoma karatasi yake vilevile.

Wiki ya tatu, rivasi ikakataa. Fundi alipofungua bwate alikuta imekwisha kufunguliwa na mtu mwingine zamani, ikafungwa kwa gundi. Tukarudi parke. Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo sikulisoma katika kitabu chochote cha isimujamii, ingawa vitabu vimejaa kubadilisha lugha. Mtu yule aliyezungumza Kiswahili saa nne mfululizo, aliyejua kuuliza habari za watoto, alitupokea kwa Kifaransa. «Monsieur, c'est écrit.» Mjomba hakuwa papa tena. Ahadi zote zilikuwa zimetolewa kwa Kiswahili, na Kiswahili hakikuandikwa popote.

Hilo ndilo lalamiko langu, na halihusu parke moja. Katika biashara hii Kiswahili kinabeba ushawishi, Kifaransa kinabeba wajibu. Mnunuzi anaishi katika lugha ya kwanza na kuhukumiwa katika ya pili. Katiba ya 2006, kifungu cha 1, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Ciluba, na inaipa serikali kazi ya kuziendeleza. Sisi katika fakilte tunakinukuu kifungu hicho kila tunapofungua kongamano. Sijawahi kusikia kikinukuliwa mbele ya mtu anayeuza motokari.

Sheria yenyewe si mbaya kama karatasi inavyotaka tuamini. Amri ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado tunaitumia, inamtaka muuzaji ajibu kwa kasoro zilizofichika ndani ya kitu alichouza. Maneno «bila garanti» yanaweza kumkinga asiyejua kasoro. Anayeijua na kunyamaza hayamkingi. Lakini mambo hayo yanasomwa kwa Kifaransa, na yanadaiwa kwa Kifaransa, mbele ya tribinali, pamoja na avoka wa kulipwa. Mjomba alipiga hesabu ya avoka, akapiga hesabu ya bwate ya okazyo, akanunua bwate.

Mwalimu mmoja niliyemweleza haya aliniambia kwamba tatizo ni la uchumi, si la lugha. Alinikumbusha Mmarekani George Akerlof, aliyeonyesha mwaka 1970 jinsi soko la magari yaliyotumika linavyoharibika pale muuzaji anapojua ubaya wa mali na mnunuzi hajui: mnunuzi anaogopa, anatoa bei ya wastani, na mwenye gari nzuri anaondoka sokoni kwa sababu bei hiyo haimfai. Nakubali kila neno. Lakini angalia jambo lenyewe: moja anajua, mwingine hajui, na kati yao kuna mazungumzo. Habari hupita wapi kama si katika lugha? Huko Japani motokari inayopita mnadani inapewa karatasi ya ukaguzi, na mchoro wa bodi wenye alama: A kwa mkwaruzo, U kwa kubonyea, W kwa mahali palipotengenezwa, na daraja la R kwa gari iliyopata ajali ikatengenezwa. Herufi chache tu. Mtu alikaa akaamua kwamba kila kasoro itakuwa na jina. Motokari nyingi za kwetu zilizaliwa na karatasi hiyo. Ilipotelea njiani, mahali fulani kati ya bahari na Kasumbalesa.

Kuna pingamizi lingine, na hili linatoka kwetu wenyewe. Tukiandika karatasi ya mauzo kwa Kiswahili, itakuwa Kiswahili gani? Kiswahili bora, ambacho mimi nakitumia hapa na mjomba anakisikia kanisani tu? Au kile cha Lubumbashi, ambacho hatujakubaliana hata namna ya kukiandika? Nimesikia mjadala huu tangu mwaka wa kwanza, na ukweli ni kwamba unatustarehesha, kwa sababu hauishi. Komisioneri hausubiri. Yeye ana istilahi zote: volani, bwate, shasi, dwane, karte roze. Fundi pia. Yule aliyefungua bwate ya mjomba alituambia motokari iko na «bugonjwa ya ndani». Wanasheria wanasema «vice caché», na wakati tunatafuta tafsiri katika kamusi, mtu mwenye mafuta mikononi alikwisha kuitoa, tena nzuri kuliko ambazo ningebuni mimi.

Sidai kwamba Kiswahili kitawafanya watu waseme kweli. Sentensi zangu tatu za mwanzo zinatosha kuonyesha kwamba mtu anaweza kukwepa kwa Kiswahili safi. Tofauti ni kwamba «iko muzima» ikiandikwa, na sahihi ya muuzaji chini yake, mjomba angekuwa na kitu cha kushika mkononi siku ile ya «Monsieur». Na muuzaji mwenye motokari nzuri naye angekuwa na namna ya kujitofautisha na jirani yake.

Kwa hiyo wenzangu wawili na mimi tumeanza karatasi hiyo, ukurasa mmoja, safu mbili, Kifaransa kushoto na Kiswahili kuume. Tunahitaji mtu wa fakilte ya sheria atusomee safu ya kushoto. Safu ya kuume tuliipeleka kwa mjomba, akaisoma kwa kidole. Alisimama mara mbili. Pa kwanza tulikuwa tumeandika «kasoro», akasema tuweke bugonjwa. Pa pili ni mstari wa «en l'état», ambao tulikuwa tumeutafsiri «katika hali yake ya sasa». Aliutazama muda mrefu, kisha akauliza ni nani aliyeiona hiyo hali, na kama jina lake litaandikwa.