Nyasi Bandia Uani kwa Watoto: Tuulize Kabla ya Kutandika

 

Wapendwa wazazi, walezi na wanafunzi wetu, mwaka huu baadhi ya wazazi wametuletea wazo kwamba ua wa madrasa utandikwe nyasi bandia, watoto wapate kucheza pasipo vumbi wala tope. Nia hiyo tunaiombea malipo mema. Ila sisi walimu tuna maoni yetu, na tumeona tuyaandike hapa badala ya kuyanong'ona barazani.

Nyasi hizi si ngeni. Mwaka 1966 zilitandikwa katika uwanja wa Astrodome, mjini Houston, Marekani, na leo wapenzi wa mpira wanazijua kwa uwanja wa Amaan hapa Unguja na Gombani kule Pemba. Kwa timu za wakubwa zinazocheza jioni hatuna ugomvi nazo. Maneno yetu yanahusu watoto wa miaka sita na saba, wanaotoka darasani mchana jua likiwa utosini, viatu vimeachwa mlangoni.

Linalovumishwa zaidi ni saratani. Katikati ya nyuzi za plastiki humwagwa punje nyeusi za mpira, ambazo mara nyingi ni matairi makuukuu yaliyosagwa, na ndani ya matairi zimo kemikali ambazo baadhi yake husababisha saratani. Kocha mmoja wa Chuo Kikuu cha Washington, Amy Griffin, aliona makipa vijana wakiugua, akaanza kuandika majina yao hadi orodha ikapita watu 50. Idara ya Afya ya jimbo lile ikachunguza, na mwaka 2017 ikajibu kuwa wagonjwa wale walikuwa wachache kuliko ambao wangetarajiwa miongoni mwa wachezaji wa umri huo. Basi asisimame mtu kuwatisha wazazi kwamba kila anayecheza pale ataugua. Kumtia mtu hofu kwa jambo lisilothibiti nako ni kosa.

Hata hivyo, Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2022 umeweka kikomo cha kemikali hizo katika punje, na kuanzia Oktoba 2031 punje zenyewe hazitauzwa kwa viwanja vipya wala vya zamani, kwa sababu ni plastiki ndogo ndogo zinazoishia ardhini na baharini. Hapo ndipo tunaposhtuka. Kinachofungiwa mlango kwao kisije kikatafuta mlango kwetu kwa bei ya mtumba! Na nyasi kuukuu zina jambo jingine: mwaka 2008 huko New Jersey baadhi ya viwanja vya nyasi za nailoni vilikutwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili ya mtoto.

Lakini lisilo na shaka yoyote ni joto, na hili halizungumzwi. Mwaka 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, jimbo la Utah, walipima uwanja wao na kukuta uso wa nyasi bandia umefika nyuzi 93 za Selsiasi, siku ambayo hewa ilikuwa kama nyuzi 37. Walipoumwagia maji ukashuka kutoka nyuzi 79 hadi 29, na baada ya dakika 20 tu ukarudi hadi 73. Sasa tufikirie unyayo wa mtoto wa darasa la Juzuu Amma. Tufikirie pia maji hayo yatatoka wapi, wakati mfereji wetu wa udhu wenyewe siku nyingine hautoi tone.

La pili ni kuanguka. Wengi huona kijani wakadhani ni laini. Zulia la plastiki likitandikwa juu ya saruji, chini bado ni saruji. Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani inaelekeza kuwa chini ya bembea na vyuma vya kupandia pasiwe na saruji wala lami, na hata nyasi za kawaida haizihesabu kuwa kinga. Inchi 9 za mchanga, kwa maelekezo yao, humkinga mtoto anayeanguka kutoka futi 4.

Kwa hiyo sisi tunapendelea mchanga, na kivuli. Mchanga una taabu zake: husogea chini ya bembea na lazima urudishwe kwa reki kila wiki, na paka huufanya choo, kwa hiyo usiku ufunikwe turubai. Ununuliwe kwa kibali, usichotwe ufukweni. Miarobaini miwili upande wa magharibi itachukua miaka kadhaa kutoa kivuli cha maana; hadi hapo watoto wacheze baada ya Alasiri.

Wazazi watakaobaki na rai ya nyasi bandia, tunawaomba wamuulize muuzaji maswali matatu: ni mpya au zimetolewa uwanja mwingine, kinachomwagwa katikati ni nini, na iko wapi karatasi ya maabara. Majibu waje nayo kwenye kikao cha wazazi, na mwenye toroli aje nalo.